Nani Anaweza Kufungua Faili la Mama Béa

Christelle ameniomba niandike, na nyinyi wengine mnaobaki katika chumba cha seva mtasoma kwa sababu sasa yeye ndiye mkuu wenu. Nani alinipandisha cheo na mwaka gani sitaandika. Hayo yamo katika faili langu, na mwenye ruhusa ya kulifungua atayaona. Nitaandika jinsi kazi ilivyoanza, nani alinifundisha, na kosa moja nililolifanya kwa mikono yangu. Nimelisikia likisimuliwa koridoni kwa namna inayonipendelea mno, na sitaki mlirithi hivyo.

Niliingia hospitali yetu nikiwa mpiga taipu wa sekretarieti. Baba yangu alishona kanzu na kofia karibu na msikiti, akitumaini nitakuwa mwalimu. Siku kompyuta sita za kwanza zilipoletwa katika makatoni, fundi aliyekuja nazo kutoka Kinshasa aliuliza ni nani anayeandika bila kutazama vidole. Wakanionyesha mimi. Hivyo ndivyo nilivyochaguliwa, msitafute sababu nyingine. Fundi alikaa wiki mbili. Alivuta nyaya, akaiweka seva katika stoo ya zamani ya mashuka kwa kuwa paa lake ndilo pekee lililokuwa halivuji, akanipa karatasi yenye neno la siri la msimamizi, kisha akakimbilia ndege.

Siku yangu ya kwanza peke yangu, kabla ya saa nne asubuhi, watu tisa walikuja kulalamika kwamba kompyuta imewakatalia. Nilifanya lile ambalo kila mgeni wa kazi hii hulifanya: niliunda kikundi kimoja, nikakiita Wote, nikawatia wafanyakazi wote ndani yake, nikakipa ruhusa ya kusoma, kuandika na kufuta kila kitu. Malalamiko yakaisha. Nilijiona hodari kwa siku nne. Siku ya tano mtu wa jikoni, akitafuta mahali pa kuweka orodha yake ya pondu na samaki, alifuta orodha ya upasuaji wa siku hiyo. Mgonjwa wa ngiri alikuwa ameshalala mezani, na daktari akatoka nje na glavu mkononi kuuliza aliye mbele yake ni nani.

Aliyenitoa katika aibu ile ni papa Lokwa. Alikuwa mtu wa Yanonge, wa familia ya wavuvi, mrefu, mwenye sauti ya chini sana kwa mtu aliyefanya kazi ya kupiga kelele. Kazi yake ilikuwa fonia, ile redio ya mawasiliano ya mbali. Kila asubuhi aliita vituo vya afya kimoja kimoja, Isangi, Basoko, hadi Bafwasende kule msituni, akipokea habari za wagonjwa wanaoletwa kwetu. Chumba chake kilipakana na stoo yangu. Aliposikia nimefanya nini alikuja na kipande cha chaki, akachuchumaa, akachora ramani ya hospitali yetu kwenye sakafu ya saruji: mapokezi, maabara, wodi ya wazazi, duka la dawa, jiko.

“Mama Zaina,” akaniuliza, “nani anashika ufunguo ya maternité?”

“Wakunga.”

“Mutu wa jikoni anaingiaka kule?”

“Anafika mlangoni na sufuria. Ndani haingii.”

“Bon. Na mu mashine yako iko vile vile. Kwanza uangalie nani anaingia wapi na miguu yake. Nyuma uandike.”

Tulichora hadi chaki ikaisha. Vikundi vyote mnavyovijua leo vilitokana na sakafu ile. Mfanyakazi hapewi ruhusa kwa jina lake. Anatiwa katika kikundi cha kazi yake, na kikundi ndicho chenye ufunguo. Akihama kazi, unamtoa hapa unamtia pale, na funguo zinabaki mahali pake. Nimewahi kusoma vitabu vinavyolieleza jambo hili katika kurasa mia mbili.

Papa Lokwa alikuwa na daftari gumu ambalo kila mgonjwa wa fonia alipewa namba. Redioni hakutaja jina kamwe. “Namba kumi na nne, ule wa muguu.” Daftari lilikaa ndani ya sanduku, na ufunguo shingoni mwake. Siku moja nilimtania kwamba analinda siri za serikali.

Hakucheka. “Zamani nilitaja jina ya mama moja kwa fonia, na ugonjwa yake. Batu yote ya mutoni iko na radio, wanasikilizaka. Baleinière yake, ile boti ya mbao alipanda, ilikuwa ingali Yangambi, habari ilishafika kwake nyumbani. Alikuta mume amefunga vyombo vyake, anamufukuza.” Akazima redio. “Toka siku ile, naandika kwanza, naongea nyuma.”

Akanipa daftari kama lake. Sharti lilikuwa moja: kila ruhusa ninayoitoa, niandike nimempa nani, kwa sababu gani, na itakwisha lini, kabla sijagusa mashine. Nililifuata miaka mingi. Daftari hilo, koleo la kubania vichwa vya nyaya, na kitambaa cha kufutia betri za onduleur, kile kifaa kinachoshika seva umeme ukikatika, ndivyo vifaa vyangu halisi. Panya nao walikuwa na vifaa vyao, na walipenda zaidi waya wa maabara, sijui kwa nini.

Kulikuwa na vichekesho pia. Mkuu mmoja wa utawala alikuja kudai ruhusa ya kufungua kila kitu, kwa kuwa mkuu hawezi kukataliwa na mashine. Nilimpa, nikaandika. Kabla ya wiki kuisha aliburuta folda nzima ya duka la dawa kwa panya wa kompyuta, akaiangusha ndani ya picha za harusi ya binti yake. Mfamasia alifungua mashine akakuta hana dawa hata moja. Tulipoipata folda, mkuu alifunga mlango wa ofisi yake, akaniambia kwa upole, “Mama Zaina, unipunguzie.” Nikampunguzia. Nikaandika.

Sasa nafika kwenye lile ambalo sikuliandika.

Papa Lokwa alikuwa ameshastaafu na kurudi Yanonge. Asubuhi moja printa ya maabara ilikufa. Foleni ya wagonjwa ilijaa varanda, akina mama na watoto wenye homa, kila mmoja akisubiri karatasi yake ya majibu. Mapokezi walikuwa na printa nzima, lakini hawakuwa na ruhusa ya kufungua folda ya maabara. Mkuu wa maabara alikuwa amesimama kando yangu akigonga meza kwa kidole. Nilichukua kikundi cha Mapokezi nikakiweka ndani ya kikundi cha Maabara. Kikundi ndani ya kikundi: kila aliye Mapokezi akapata papo hapo kila alicho nacho mtu wa Maabara. Ilinichukua muda mfupi kuliko kuwasha jiko. Foleni ikatembea. Nilijiambia ni kwa siku mbili, hadi printa itengenezwe. Daftari lilikuwa ndani ya mkoba, na mkoba ulikuwa upande wa pili wa chumba.

Printa ilitengenezwa. Mimi nikasahau. Nilisahau kwa miezi saba.

Mama Béa alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, mwanamke wa maneno machache ambaye watoto walinyamaza kwake bila kubembelezwa. Mumewe, Justin, alifanya biashara ya samaki wa kukaushwa kwa baleinière kati ya hapa na Basoko. Béa alipima damu katika maabara yetu, kama mfanyakazi yeyote, na majibu yakaonyesha ana virusi vya ukimwi. Alivipata wapi sijui mpaka leo, wala si kazi yangu kujua. Alilojua yeye ni kwamba majibu yale yameonwa na daktari wake na mtu mmoja wa maabara. Alikuwa anamsubiri Justin arudi kutoka safari ili amwambie mwenyewe.

Justin alishuka bandarini, na kabla hajafika nyumbani mwanamke muuza kwanga, mkate wa muhogo, alimpa pole.

Siku iliyofuata Mama Béa hakuja kazini. Wodini watu walinong’ona, wengine kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko matusi. Muuguzi mwenzake aliondoa kikombe cha Béa kwenye meza ya chai akakiweka peke yake dirishani. Nilikiona kile kikombe kwa macho yangu.

Mkurugenzi, daktari wa makamo ambaye hakuwa mkali kwa kawaida, aliniita. “Mama Zaina, mashine inaonyeshaka nani amefungua dossier?”

“Inaonyesha kila anayefungua faili.”

“Alors, uniletee jina.”

Nilirudi kwenye stoo yangu, nikafungua kumbukumbu za seva. Jina lilikuwepo, mara tatu kwa siku moja: Jolie, karani wa mapokezi. Nilishangaa. Jolie hakupaswa hata kuiona folda ile. Nikafuata uzi nyuma, ruhusa hii imetoka kikundi gani, kikundi kimetiwa na nani, hadi nikafika kwenye mstari mmoja wenye jina langu na tarehe ya printa.

Nitawaambia ukweli wa dakika zile. Hakuna mtu mwingine hospitalini aliyejua kusoma kumbukumbu hizo. Ningeweza kukitoa kikundi, nichapishe ukurasa wa Jolie peke yake, na habari iishe. Mkono wangu ulikuwa juu ya panya wa kompyuta. Nilifikiria binti zangu, nilifikiria jina la baba yangu msikitini. Nilikaa hadi chai ikapoa na utando ukafanyika juu yake. Kisha nikachapisha kurasa mbili.

Nilipoingia ofisini, Jolie alikuwa ameshaitwa. Alikuwa amesimama karibu na kabati, kitambaa cha kichwa kikimponyoka, analia bila sauti. Nilimpa mkurugenzi ukurasa wa kwanza.

“Mara tatu,” akasema. “Jolie, ulitafuta nini mule?”

“Sikutafuta, Docteur. Nilikuwa naandika karatasi ya mutu mwingine, nikaona jina ya Mama Béa. Nikafungua.”

“Juu ya nini ulifungua?”

“Ilifunguka.” Alimtazama kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi. “Docteur, ingenikatalia, ningeacha. Ilifunguka, nikasema kumbe niko na droit ya kuona. Nilisikia huruma. Nilimwambia mutu mumoja tu, juu tumuombee Mama Béa.”

“Mutu mumoja,” mkurugenzi akarudia. Akanigeukia. “Funga mot de passe yake sasa, asiingie tena mu mashine. Huyu anaenda.”

“Docteur, kuna ukurasa wa pili,” nikasema.

Aliusoma polepole. Jolie aliacha kulia ili asikie.

“Hii jina iko yako.”

“Ni langu. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango, nikauacha wazi miezi saba. Amekosa kusema, ndiyo. Lakini kuingia, mimi ndiye niliyemwingiza. Kama anaenda, twende wawili.”

Mkurugenzi alivua miwani, akaifuta kwa shati kwa muda mrefu usio wa lazima. Mwishowe hakumfukuza yeyote. Alimhamishia Jolie kwenye ghala la vifaa, mbali na mafaili ya wagonjwa, na mimi akanisimamisha kazi mwezi mmoja. Kabla sijaondoka aliniruhusu dakika kumi za kukitoa kikundi kile mahali nilipokitia. Zilitosha dakika mbili.

Siku hiyo hiyo alasiri nilipanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria, hadi mtaa wa Mangobo, kwa Mama Béa. Nilimkuta uani akifunga mizigo kwa kamba. Justin alikuwa ndani. Nilisikia akihamisha vitu. Hakunikaribisha kiti.

Nilimweleza kila kitu: printa, kikundi, miezi saba, daftari ndani ya mkoba. Alinisikiliza hadi mwisho, kamba mkononi.

“Unakuya kuniomba pardon, ama kunifundisha namna mashine yenu inatumika?” akauliza.

“Kuomba msamaha.”

“Nilikuwa nimeisha kupanga maneno. Siku kumi na moja, kila siku nayapanga. Nitamwambia hivi, nitaanza hapa, nitamalizia pale.” Aliikaza kamba. “Mulininyanganya ile maneno, Mama Zaina. Ugonjwa iko yangu, nitaibeba. Lakini ile maneno ilikuwa yangu pia.”

Justin akatokea mlangoni na godoro begani. Akanisalimu kwa adabu, akamwambia mkewe baleinière inaondoka kesho asubuhi. Alikuwa anampeleka Basoko, kwa dada yake. Aliposema “tunaenda,” nilielewa kwamba wanaenda wote wawili, nikashukuru moyoni.

Mwezi ule wa kukaa nyumbani nilipika lituma ya ndizi kuliko nilivyowahi kupika, na niliandika. Niliporudi kazini nilichapisha orodha ya kila kikundi na kila mtu aliyemo, nikazunguka idara zote na kalamu. Nilikuta mambo ya aibu. Nilikuta mtu aliyefariki ambaye bado angeweza kuandika dawa. Nilifuta, nilitenganisha, niliweka tarehe ya mwisho kwenye kila ruhusa ya muda ili mashine yenyewe iifunge hata mimi nikisahau. Mafaili ya wafanyakazi wetu wanaotibiwa hapa niliyatengea kikundi chake, chenye watu wachache tu.

Baada ya mwaka na miezi kadhaa, asubuhi moja mlango wa stoo uligongwa. Alikuwa Mama Béa. Alikuwa amepungua kidogo, lakini macho yalikuwa yale yale. Kule Basoko mashine ya kipimo alichohitaji ilikuwa imeharibika, na hospitali yenye kipimo hicho ilikuwa yetu.

“Kwanza, mbele nitoe damu,” akasema, bado amesimama, “nataka kujua nani anaweza kufungua dossier yangu. Majina. Kwa karatasi.”

Hakuna mgonjwa aliyewahi kuniomba hivyo. Nilitafuta sababu ya kukataa, sikuipata. Nikachapisha. Yalikuwa majina matano. Aliketi, akayasoma kwa kidole.

“Huyu,” akasema, akisimamisha kidole kwenye jina la nne. “Huyu docteur alihamia Bafwasende. Anafanya nini humu?”

Baada ya kuzunguka kote na kalamu, baada ya mwezi wa adhabu, bado alikuwemo. “Hapaswi kuwemo.”

“Toa.”

Nilimtoa mbele ya macho yake, nikachapisha upya. Majina manne. Aliyasoma tena, kisha akainua kichwa.

“Na weye?”

“Mimi simo katika kikundi hiki.”

“Sikuuliza kikundi, Mama Zaina. Naulizia kama unaweza.”

Miaka yote ile, kwenye kila orodha niliyoichapisha, jina langu halikuwahi kutokea. Msimamizi hahesabiwi, yeye ndiye mwenye orodha. “Naweza,” nikasema. “Mimi naweza kufungua kila kitu.”

“Alors, andika.”

Nilichukua kalamu nikaandika jina langu chini ya yale manne, kwa mkono, herufi kubwa. Aliikunja karatasi, akaitia ndani ya sidiria kama akina mama wanavyoweka kitu cha maana, akaenda maabara kutoa damu.

Majibu yake yalikuwa mazuri. Dawa zilikuwa zinafanya kazi. Mkurugenzi, aliyemkumbuka, alimwomba arudi wodini. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali, kwa sharti kwamba kila baada ya miezi mitatu orodha za vikundi zisomwe kwa sauti mbele yake. Mkurugenzi alidhani ni hasira itakayopita. Mimi nililikubali siku hiyo hiyo.

Ndivyo tulivyofanya kazi pamoja hadi nilipostaafu. Béa alijua habari za watu kuliko ofisi ya wafanyakazi yenyewe: nani kahamia Masako kufanya utafiti, nani yuko likizo ya uzazi, nani kagombana na nani akahamishwa ghorofa. Yeye alisoma, mimi niliondoa. Jolie aliporudishwa mapokezi baada ya miaka miwili, ni Béa aliyesema, “Mutie. Lakini kwa mapokezi tu.” Hakuwahi kuniambia kwamba amenisamehe, na mimi sikumuuliza. Sikukuu ya Idi alikuwa ananiletea samaki wa Justin, na Noeli nilikuwa ninampelekea sambusa. Kikombe chake kilirudi kwenye meza ya chai, aliyekirudisha simjui.

Siku yangu ya mwisho iliangukia wiki ya kusoma orodha. Sikuipanga hivyo, ingawa hamtaniamini. Christelle alikaa kwenye kiti changu, mimi kwenye kiti cha wageni, ambacho niligundua siku hiyo kwamba kinayumba. Béa alivaa miwani, akaanza na kikundi cha wasimamizi, kile kinachofungua kila kitu. Tangu siku ile ya kalamu, kikundi hicho ndicho husomwa kwanza.

“Christelle.”

“Niko,” akasema Christelle.

“Zaina.” Alinitazama juu ya miwani. “Huyu je?”

“Anaenda nyumbani,” nikasema.

“Anahitaji kuingia tena?”

“Hapana.”

“Toa,” Béa akamwambia Christelle.

Christelle alisita, akaniuliza kwa macho. Nilitikisa kichwa kukubali, akabofya. Béa aliweka alama ya kalamu, akasogeza rula chini mstari mmoja, akasoma jina lililofuata.